UZI: Matandazo mazito bandani, miezi minane bila kufagia. Mrejesho wangu kutoka Goba, mazuri na machungu

#1 · Mama Kifaranga (Goba, Dar) · Januari 11

Wakuu habari zenu. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu kwa miaka. Leo nafungua uzi kwa sababu nimechoka kufagia.

Nina kuku 32, machotara, mitetea 28 na majogoo 4. Banda ni futi 10 kwa 12, tofali hadi kiunoni, juu wavu, limeezekwa bati. Sakafu ni udongo ulioshindiliwa. Kwa miaka mitatu nilikuwa naamka saa kumi na moja kukwangua mavi kabla ya kwenda kazini, na kila Jumamosi natoa maranda yote ya mbao, naacha sakafu ikauke, naweka mapya. Mgongo wangu ndio shahidi. Na pamoja na jasho lote hilo harufu ilikuwepo, nzi walikuwepo, na jirani alishanifikisha kwa mjumbe mara mbili.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja mdogo wangu anayefuga Iringa akaniambia: dada, acha kufagia. Weka matandazo mazito, yaani maranda mengi sakafuni, kuku wakinya waache wachakure wenyewe, ukiona yamelemewa ongeza juu yake mapya. Nilidhani ananitania.

Nikanunua viroba 10 vya maranda, nikamwaga kina cha kama kiganja kilichosimama, sentimeta 12 hivi. Kila jioni natupa vikombe viwili vya paraza, mahindi yaliyosagwa chengachenga, humo ndani, kuku wanachimba kama wamepoteza pete. Kila baada ya wiki mbili naongeza kiroba kimoja. Chini ya fito za kulalia, ambako mavi hurundikana usiku, napitisha reki mara mbili kwa wiki. Basi. Sifanyi kingine.

Hesabu iliyonishtua ni hii. Kuku mkubwa anatoa kinyesi kama gramu 100 na ushei kwa siku. Kwa kuku 32 ni kilo tatu na zaidi kila siku, yaani karibu gunia la mahindi kwa mwezi. Nimeshaingiza magunia mawili ya namna hiyo, na nikifukua kwa mkono sioni mavi. Naona kitu cha kahawia kama udongo wa msituni, kina uvuguvugu kidogo chini. Harufu ni ya mbao na majani makavu. Jirani hajasema kitu tangu Krismasi.

Ila nina hofu mbili: masika inakuja, na sijui ugonjwa wa kuhara damu unafanyaje katika mazingira haya. Wajuzi karibuni. Picha nitaweka simu ikipona.

#2 · Jogoo la Shamba · Januari 11

Naweka kigoda changu hapa. Wajuzi wakifika mnishtue.

#3 · Randa na Msumeno (Keko) · Januari 11

Mimi ni fundi seremala, kuku ninao kumi tu, lakini maranda ndiyo maisha yangu. Naomba nitenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya wakija hapa karakana na viroba vyao.

Maranda ni yale yanayotoka kwenye randa, vipande vyepesi vilivyojikunja. Hayo ndiyo mazuri, yanashika unyevu na bado hewa inapita katikati yake. Vumbi la mbao ni la msumeno. Laini kama unga. Ukilimwaga bandani linajaa hewani, kuku wanapiga chafya, na likilowa linashikamana kama uji wa muhogo. Vifaranga wanalidonoa wakidhani chakula, tumbo linajaa kitu kisichoyeyuka. Vumbi kidogo likiwa ndani ya maranda si neno, lakini banda zima la vumbi, hapana.

La pili, uliza mbao ilikuwa mbao gani. Mbao za kuezekea zilizotiwa dawa, zile zenye ukijanikijani, maranda yake usipeleke bandani wala bustanini. Msindano mkavu ambao haujatiwa dawa ndio salama. Fundi asiyejua mbao yake imetoka wapi, usichukue kwake hata akikupa bure.

#4 · Broila Mia Tano (Kibaha) · Januari 12

Samahani dada, lakini mimi naona huu ni uvivu uliopewa jina zuri. Kuku kulala juu ya mavi miezi na miezi? Mimi kila bechi ikitoka natoa kila kitu, naosha kwa dawa, naacha banda tupu wiki mbili. Ndiyo usafi. Hayo mengine mtakuja kulia humu humu.

#5 · Mama Kifaranga · Januari 12

Kaka wa Kibaha, broila wako wanakaa wiki tano sita wanaondoka, kwa hiyo nafasi ya kuosha unaipata. Mitetea yangu inakaa mwaka na nusu hadi miwili. Nikiosha, niwapeleke wapi? Sebuleni?

#6 · Mzee wa Sindano · Januari 13

Nimefanya kazi ya ubwana mifugo hadi nikastaafu, kwa hiyo mnivumilie nikiwa mrefu.

Mama Kifaranga, kijana wa Kibaha hajakosea kuhusu broila, na wewe hujakosea kuhusu mitetea. Mnachobishania sicho. Hakuna banda lisilo na mavi. Swali ni mavi yako ni makavu au mabichi.

Vijidudu vya kuhara damu vinatoka na kinyesi vikiwa kama mayai ambayo hayajakomaa. Yakidonolewa hivyo hayana madhara. Ili yakomae na kuweza kuambukiza yanahitaji vitu vitatu: joto, hewa na unyevu. Joto na hewa huwezi kuvizuia Dar es Salaam. Kilichobaki mikononi mwako ni unyevu. Yakipata unyevu, siku moja au mbili zinatosha kukomaa. Matandazo makavu yanayochakuriwa kila siku yanabaki na mayai machache tu, na kuku anayeyadonoa kidogokidogo tangu utotoni anajijengea kinga. Ndiyo maana kuna mabanda yamekaa na matandazo mwaka mzima hayana ugonjwa, na mengine yanafagiliwa kila siku ila chombo cha maji kinavuja na vifaranga wanakufa.

Kipimo cha unyevu hakihitaji mashine. Chota konzi moja, bana kwa nguvu, fungua kiganja. Yakibaki donge, umelowesha. Yakishikana kidogo kisha yakabomoka, ni sawasawa. Yakimwagika yote kama mchanga na vumbi likapanda, ni makavu kupita kiasi, nyunyiza maji kidogo sana. Hata vile viumbe vidogo visivyoonekana, vinavyosaga mavi humo ndani, vinahitaji kunywa.

Kipimo cha pili ni pua, na hapa watu wengi hujidanganya. Unasimama mlangoni, unavuta hewa, unasema hakuna harufu. Kuku hana urefu wako. Chuchumaa, uso uwe usawa wa kuku, kaa dakika moja. Macho yakiwasha au koo likikereketa, hiyo ni amonia, gesi inayotoka kwenye mavi, na kuku wako wanaivuta usiku kucha. Inaunguza vinyweleo vya koromeo vinavyozuia vijidudu, kisha mafua na kideri vinapata mlango. Pua ya binadamu pia huzoea; anayeingia bandani kila siku ndiye wa mwisho kunusa. Mwite mgeni akunusie.

Mambo mengine ni ya kawaida: weka vyombo vya maji juu ya kichanja cha wavu au matofali, usawa wa mgongo wa kuku, ili yanayodondoka yasiingie kwenye matandazo. Usizibe wavu wa juu. Na kwa banda lako la mita za mraba 11, kuku 32 ni sawa kabisa. Ukiwafikisha 70, hakuna maranda yatakayokuokoa.

#7 · Mama Kifaranga · Januari 13

Mzee shikamoo. Nimetoka kuchuchumaa sasa hivi na nguo za kazini. Katikati hakuna kitu. Chini ya fito, macho yamewasha kidogo.

#8 · Mzee wa Sindano · Januari 13

Marahaba mama. Hapo chini ya fito reki iwe kila siku, au weka ubao wa kupokea mavi ya usiku uumwage asubuhi. Kuku anakunya sana akiwa amelala.

#9 · Pweza wa Mtwapa (Kilifi) · Januari 14

Salaam kutoka Mtwapa. Mie nina swali la joto. Hayo mnayosema "uvuguvugu chini" kwenye baridi ni neema, hapa kwetu pwani mwezi wa pili kuku wanahema mdomo wazi mchana kutwa. Nilijaribu kina cha futi nzima mwaka juzi. Wallahi nilipotia mkono chini niliutoa mbio. Kuku wakaacha kulala chini, wakaacha kujimwagia vumbi, mayai yakapungua. Nikayatoa yote nikarudi kwenye kina cha vidole vinne, natia mapya kila mwezi, na nusu mwaka natoa. Kwa pwani futi moja ni nyingi.

#10 · Baridi ya Makete · Januari 14

Pweza, mwenzio huku tunalipia huo uvuguvugu. Juni na Julai asubuhi majani yanakuwa meupe kwa umande ulioganda. Mimi naanza na sentimeta 15 mwezi wa nne, hadi mwezi wa saba nimefika 30. Maranda ya msindano ni ya kumwaga, viwanda vya mbao viko njia nzima kuanzia Mafinga. Vifaranga wa wiki ya sita nawaachisha jiko la mkaa mapema kwa sababu ya matandazo.

Ila nikubali jambo moja. Mwaka wa kwanza, kwa kuogopa baridi, nilifunika wavu wote kwa maturubai. Asubuhi maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati kama mvua. Pumzi ya kuku yote hiyo. Matandazo yakalowa kutoka juu.

#11 · Shemeji wa Minneapolis · Januari 15

Naunga mkono Makete. Huku Minnesota wenzetu wanaofuga nyuma ya nyumba wana kosa hilo hilo: theluji ikianguka wanaziba kila tundu, unyevu unabaki ndani, na vilemba vya majogoo vinaganda hadi kuwa vyeusi. Kuku mkavu anavumilia baridi ambayo mimi na koti langu siivumilii. Tundu la hewa liwe juu ya vichwa vyao, upepo usiwapige wakiwa wamelala.

Na kwa anayedhani huu mfumo ni mtindo wa mtandaoni: kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo la Ohio kilikuwa kinaandika kuuhusu katika miaka ya 1940, watafiti wakiwa Kennard na Chamberlin. Waliona kuku waliokaa kwenye matandazo ya zamani wakistawi hata lishe yao ikiwa na upungufu wa protini ya wanyama. Mwaka 1948 vitamini B12 ilipogunduliwa ndipo jambo likaeleweka: bakteria wanaoishi kwenye hayo matandazo wanaitengeneza, na kuku wanaidonoa. Wao Ohio walikuwa wanachanganya na chokaa.

#12 · Jogoo la Shamba · Januari 15

Ala! Kumbe chokaa inaruhusiwa? Nina mfuko mzima ulibaki nilipopaka nyumba.

#13 · Mzee wa Sindano · Januari 15

Taratibu kijana. Chokaa inafanya matandazo yasigande na inayakausha kwa juu, hapo Ohio hawakukosea. Lakini inapandisha ualkali, na amonia ikikutana na ualkali inaruka hewani. Ukinyunyiza chokaa kwenye matandazo mabichi kuku wakiwa ndani, usiku huo banda litanuka kuliko jana, na mbolea unayoitegemea imekwenda na upepo. Hiyo ya kupakia nyumba ikilowa inaunguza nyayo pia.

Ukiipenda chokaa, itumie sakafu ikiwa tupu, kabla ya kumwaga maranda ya mwanzo.

#14 · Jogoo la Shamba · Januari 15

Nimeurudisha mfuko stoo. Asante mzee.

#15 · Mama Kifaranga · Aprili 9

Wakuu nimerudi, na sijarudi na habari njema.

Februari yote na Machi mwanzoni banda lilikuwa zuri hadi nikawa naalika wageni kuliona. Machi mwishoni masika ikaanza kwa kishindo. Sikuwa na gata upande wa nyuma wa bati. Maji yalikuwa yanadondoka chini kwenye msingi, yanarukia ukuta, na mengine yanapenya chini ya tofali la kwanza. Kwa nje ukuta ulionekana umelowa tu. Kwa ndani, uso wa matandazo ulikuwa mkavu, kuku wanachakura, paraza inaliwa. Nikaridhika. Konzi la kupima nilikuwa nachota juu juu, katikati ya banda, pale pale pazuri.

Siku ya tatu ya mvua nikaingia usiku kuhesabu kuku. Macho yalichoma kabla sijawasha tochi. Nikaingiza jembe upande wa nyuma: juu sentimeta tano kavu, chini tope jeusi linalonuka mayai viza. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeingiza vijana 12 wa wiki ya saba kutoka kwenye banda dogo. Walikuwa wamelelewa kwenye kreti ya wavu, hawajawahi kukanyaga matandazo tangu waanguliwe. Mnajua kilichofuata. Alhamisi wawili wamejikunyata na manyoya yamesimama. Ijumaa kinyesi chenye damu. Hadi Jumapili nimezika watano.

Wakubwa hakuna aliyekufa. Ila mayai yalitoka 19 kwa siku hadi 11.

Nilienda duka la dawa, nikaelezea, nikapewa dawa ya kuhara damu na pakiti ya vitamini, nikaambiwa nichanganye kwenye ndoo moja. Ndipo nikakumbuka kumpigia Mzee simu (namba yake nilimwomba faragha).

#16 · Broila Mia Tano · Aprili 9

Pole dada. Nilisema lakini.

#17 · Mzee wa Sindano · Aprili 9

Ulisema, na bado sababu uliyotoa siyo. Ni maji ya bati.

Niandike hapa nilichomwambia kwa simu, kwa faida ya wengine. Dawa nyingi za kuhara damu zinazouzwa kwetu ni amprolium. Inafanya kazi kwa kujifanya vitamini B1: kijidudu kinainywa kikidhani kimepata chakula, kinakufa njaa. Sasa ukimpa kuku dawa hiyo na vitamini zenye B1 katika ndoo moja, umempa kijidudu chakula halisi juu ya kile cha uongo. Dawa kwanza, kwa siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Vitamini baadaye. Muuzaji alikusudia wema.

Na vijana wa kreti wasihamie ghafla kwenye matandazo ya wakubwa. Wakiwa na wiki mbili tatu, wawekee konzi mbili za matandazo makavu ya zamani kutoka kwenye banda lenye afya, wadonoe kidogo, wajue adui angali mdogo. Kama banda lina ugonjwa usifanye hivyo. Hata chembe moja.

#18 · Randa na Msumeno · Aprili 10

Pole sana mama. Lile tope ulilifanyaje? Uliongezea maranda juu?

#19 · Mama Kifaranga · Aprili 10

Ndilo lilikuwa wazo langu la kwanza, na Mzee alinikatalia kama mtoto. Kumwaga makavu juu ya tope ni kufunika sufuria inayochemka. Nilitoa tope lote kwa koleo, viroba tisa, mume wangu na kijana wa jirani wakisaidia, tumejifunga khanga puani. (Ndiyo, kijana wa yule yule jirani.) Nililirundika mbali na banda, nikalifunika kwa turubai. Ukuta wa nyuma kwa nje nikachimba mfereji wa kina cha shubiri mbili, maji yaelekee kwenye migomba. Ndani, sehemu iliyolowa nikaiacha wazi siku mbili, nikamwaga maranda mapya, nikachanganya na yale makavu ya upande wa mbele.

Vijana saba waliobaki nimewatenga hadi dawa iishe.

#20 · Pweza wa Mtwapa · Aprili 11

Mola akupe subira. Hilo la kufukua hadi chini mie nimelichukua. Kila Ijumaa kabla ya swala nitakuwa natia kijiti pembe zote nne, si katikati.

#21 · Mpunga na Jembe (Ifakara) · Aprili 14

Mbona wote mnaongelea maranda? Huku tuna pumba za mpunga, vinu vinazitupa mlima kwa mlima, watu wanazichoma moto. Mimi natumia hizo tu. Zinafaa?

#22 · Baridi ya Makete · Aprili 14

Nimewahi kuzitumia nikiwa Mbarali. Zinafaa, ila zina tabia zake. Haziozi haraka, ni ngumu, hata baada ya miezi sita unaziona punje kwa punje. Maji hazishiki kama maranda, yanapita tu hadi chini. Ubora wake ni kwamba hazigandi, kuku wanazichakura vizuri. Mimi nilikuwa nachanganya nusu kwa nusu na majani makavu au maganda ya karanga yaliyopondwa. Mabua ya mahindi nayo ukiyakatakata mafupi. Yakiwa marefu yanalala kama mkeka, mavi yanakaa juu, kuku hawawezi kuyageuza.

Chochote utakachotumia, kisiwe na ukungu. Kiroba kikifunguliwa kikanuka uvundo, hiyo ni ya kwenye shimo la mboji. Ukungu ukiingia kwenye mapafu ya vifaranga hauna dawa ya maana.

#23 · Mama Kifaranga · Mei 30

Mrejesho mfupi. Mayai yamerudi 18. Vijana saba wako na wakubwa wiki ya tatu sasa, hakuna tatizo. Pembe ya nyuma naipima kwa kijiti, kavu. Nimechuchumaa, hakuna kitu. Nimemwita mama mkwe anuse maana Mzee alisema mgeni. Kasema banda linanuka kama stoo ya fundi.

Nzi wamepungua sana. Niliona mabuu mara moja tu, chini ya chombo cha maji kilichokuwa kimepinda. Siku hizi nikiona buu natafuta maji yanakotoka kabla ya kumtafuta nzi.

#24 · Jogoo la Shamba · Mei 30

Picha mama. Tangu Januari simu haijapona?

#25 · Mama Kifaranga · Julai 19

Jogoo, simu ilipona, nikaiuza kununulia maranda. Nitaweka siku moja.

Leo tumevuna. Nimetoa theluthi mbili, nimebakiza theluthi moja iliyo kavu zaidi iwe chachu ya awamu mpya, kwa sababu ndimo wamo wale viumbe wanaosaga mavi. Ugonjwa haujaonekana tangu Aprili na Mzee ameridhia. Kungekuwa na dalili yoyote ningetoa yote. Nimepata viroba 17. Ni vyepesi kwa kubeba, havinuki, ila ukikifungua kilichokaa siku nne katikati kuna moto wa kuchemsha yai.

Sasa naulizia: naweza kuyapeleka moja kwa moja kwenye mchicha?

#26 · Mpunga na Jembe · Julai 19

Mama usithubutu. Nilifanya hivyo kwenye nyanya, majani yalikunjamana yakaungua pembeni ndani ya wiki. Samadi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe, hata ikiwa imekaa bandani miezi mingapi.

#27 · Mzee wa Sindano · Julai 20

Kuungua ni moja. La pili ni kwamba mchicha unachumwa karibu na ardhi, na kwenye kinyesi cha kuku hukai mbali na salmonela, vijidudu vinavyoharisha watu. Rundika kiasi cha kimo cha kiuno, lowesha liwe kama kitambaa kilichokamuliwa, geuza kila wiki mbili, nje kuingia ndani. Miezi miwili mitatu. Likiacha kupata moto baada ya kugeuzwa, limeiva. Viroba vya lile tope la Aprili viweke peke yake, vipelekee migomba tu.

#28 · Broila Mia Tano · Julai 20

Dada, kiroba bei gani? Nina shamba dogo la matikiti Mlandizi. Na hilo la banda… mitetea 40 naleta mwezi wa tisa. Si kwamba nimebadili msimamo.

#29 · Mama Kifaranga · Julai 20

Karibu kaka, shilingi 3,000 ila hadi liive, uliza mwezi wa kumi. Viwili vimeshawekewa nafasi na jirani, yule wa mjumbe.

Kabla hujamwaga maranda ya hao mitetea 40, zunguka banda lako kwa nje siku ya mvua.

#30 · Pweza wa Mtwapa · Julai 21

Mie bado niko kwenye vidole vinne na sitoki. Ila swali kwa Mama Kifaranga: gata ulishaifunga, au bado unategemea ule mfereji?

#31 · Mama Kifaranga · Julai 21

Mfereji bado. Fundi anakuja Jumamosi na bati la futi 12. Vuli haitanikuta.

#32 · Jogoo la Shamba · Julai 21

Akimaliza tuwekee picha ya gata basi, ya banda tumeshakata tamaa.